Fundi Hakosi Mteja, Anakosa Kumbukumbu

Kila baada ya muda inazinduliwa aplikesheni nyingine ya kumuunganisha fundi na mteja. Mpango wake haubadiliki: fundi anajisajili, anapakia picha na kitambulisho, mteja anabofya, kampuni inakata asilimia yake. Mara nyingi inavuma kwa miezi kadhaa kisha inazimika, na lawama wanatupiwa mafundi. Hawana nidhamu, tunaambiwa; hawapokei simu; wakishamjua mteja wanamalizana naye pembeni.

Mimi naona kosa ni la aliyeibuni aplikesheni. Hakuuliza fundi anaumia wapi. Kazi ya kumtafutia fundi mteja ina wenyewe na wanaifanya siku zote: jirani aliyeridhika, muuza duka la vifaa, mlinzi wa geti, shemeji wa mwenye nyumba. Fundi bomba mwenye jina zuri Mbagala au Kayole hashindi akikodolea skrini. Anaumia akishaipata kazi. Makadirio yaliyoandikwa nyuma ya boksi la breka yanapotea. Salio linabaki na mteja anakana kwamba walikubaliana hivyo. Kazi nzuri ya mwaka jana haina ushahidi wowote wa kumwonyesha mteja mpya. Hitilafu inarudi na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho kilifanyika nini. Fundi anakosa kumbukumbu, na kwa hitaji hilo programu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, zile ambazo watengenezaji huziita PWA, zinamfaa kuliko chochote kinachopakuliwa Play Store. Ila zitengenezwe na mtu anayejua kwamba fundi hafanyii kazi mezani.

Tazama kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba inayojengwa, tuseme Chanika. Kuta zimesimama, bati limeezekwa, plasta bado. Fundi umeme anachora kwa chaki, anachimba ukuta kwa tindo na nyundo, anapitisha mabomba ya plastiki, anapachika maboksi ya swichi na soketi. Kisha anakuja mpiga plasta na kila kitu kinafukiwa. Kuanzia hapo ramani ya nyaya za nyumba ile iko sehemu mbili tu, kichwani mwa fundi na kwenye picha chache alizopiga kwa simu yake. Mwaka unapita. Mwenye nyumba anataka kutundika televisheni sebuleni, dreli ameshaazima, anampigia.

“Fundi, zile waya za ukuta wa sebuleni zinapita juu au chini?”

“Mama, picha nilikuwa nazo, ila simu ilijaa nikafuta. Kama sikosei zinapita pembeni ya dirisha.”

Ukuta unatobolewa kwa “kama sikosei”. Picha iliyokuwa na majibu yote ilifutwa ili kupisha video za kundi la familia.

Kwa fundi wa AC shida ni hiyohiyo kwa sura nyingine. AC inayotumia gesi ya R410A hujazwa kwa kupima uzito kwenye mizani, na gesi hiyo hailiwi na mashine. Mfumo ukiwa mzima inazunguka humohumo miaka na miaka. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Fundi aliyeandika kwamba mwezi Machi aliongeza gramu 400, akiitwa tena Agosti akakuta imepungua, anajua moja kwa moja kwamba kazi yake siku hiyo ni kutafuta tundu. Asiyeandika anajaza tena, mteja analipa tena, na gesi inaendelea kwenda hewani. Baada ya mara ya tatu mteja anahitimisha kwamba fundi ni tapeli, wakati pengine alichokosa ni mstari mmoja wa maandishi.

Kwa hiyo washindani wa kweli wa programu ya namna hii ni daftari na WhatsApp, na wote wawili ni wagumu kuwashinda. Daftari halihitaji chaji wala bando. Udhaifu wake ni kwamba linalowa, linasahaulika kwenye bajaji, na picha haliingii. WhatsApp ina nguvu zaidi, na watengenezaji wangekaa waichunguze vizuri kabla ya kuandika chochote. Fundi akituma picha akiwa ndani ya jengo lisilo na mtandao, pembeni ya picha inatokea alama ndogo ya saa. Anaiona, anaielewa, anaweka simu mfukoni. Akitoka barabarani saa inageuka kuwa tiki. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani. Alama ile inamwambia kwamba kazi yake imepokelewa na simu, haijapotea, itaondoka yenyewe. Programu yoyote inayomwonyesha duara linalozunguka halafu ikaandika “hitilafu imetokea, jaribu tena” imeshashindwa na kitu alichokizoea kila siku.

WhatsApp inashindwa kwingine. Kazi za mafundi zimechanganyika na salamu za jumuiya na michango ya harusi. Huwezi kuiuliza ni wateja wangapi wana salio, wala ni pampu ipi uliifunga Tabata mwezi wa nne. Kila kitu kimo, ila hakuna kinachopatikana kwa haraka.

Hapo ndipo kivinjari kinapoingia. Jina PWA lilitolewa mwaka 2015 na Alex Russell, aliyekuwa mhandisi wa Google, pamoja na mbunifu Frances Berriman. Kiini chake ni kipande kidogo cha msimbo ambacho kivinjari hukihifadhi kwenye simu mara ya kwanza unapofungua tovuti. Kuanzia hapo kila ombi linalotaka kwenda mtandaoni linapita kwake kwanza, kama vile vifaa vya saiti vinavyopita kwa mtunza stoo: kilichopo anakitoa palepale, kisichopo anaagiza. Ndiyo maana ukurasa unafunguka hata simu ikiwa haina bando. Majina, vipimo na picha hukaa kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe. Chrome ilianza kuukubali mpango huu mwaka 2015, Firefox mwaka 2016, na Safari ya iPhone ikafuata Machi 2018. Mtumiaji anaweza kuiweka kwenye skrini ya mwanzo ikakaa na alama yake kama programu nyingine yoyote.

Faida ya kwanza kwa fundi ni nafasi. Simu nyingi ninazoziona mikononi mwa mafundi ni Tecno, Itel na Infinix za GB 32 au 64, na nafasi hiyo imeshajaa kabla ya mwaka kuisha. Twitter ilipotoa toleo lake la kivinjari mwaka 2017, lilichukua chini ya asilimia 3 ya nafasi iliyochukuliwa na aplikesheni yake ya Android. Konga, duka la mtandaoni la Nigeria, lilipofuata njia hiyo lilipunguza data ya kufungua mara ya kwanza kwa asilimia 92 ukilinganisha na aplikesheni yake. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataifungua au ataiacha.

Faida ya pili ni kwamba programu inasafiri kwa linki. Fundi mmoja anamtumia mwenzake kwenye WhatsApp, mwenzake anaigusa, imefunguka. Akaunti ya Google ambayo nywila yake imesahaulika haihitajiki, wala kusubiri MB 60 zishuke. Kwa mtengenezaji nako kuna nafuu. Google inatoza dola 25 mara moja, na kwa akaunti mpya ya mtu binafsi inataka programu ijaribiwe na watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiruhusu Play Store. Apple inatoza dola 99 kila mwaka. Kijana wa Mwanza anayetengeneza programu kwa ajili ya mafundi kumi na tano wa mtaani kwake anaweza kukwepa yote hayo, na fundi akimwambia asubuhi kwamba kitufe kimekosewa, jioni kimesharekebishwa kwa wote.

Nasema haya nikijua kwamba programu nyingi zinazojiita PWA ni tovuti ya kawaida iliyobandikwa alama kwenye skrini. Kipimo ni rahisi. Weka simu kwenye hali ya ndege. Fungua programu, sajili mteja mpya, piga picha tatu, andika vipimo, hifadhi. Zima simu kabisa, iwashe, fungua tena bado ikiwa kwenye hali ya ndege. Kama kazi ile haipo, programu hiyo haijatengenezwa kwa ajili ya fundi, hata kama rangi zake zinapendeza kiasi gani.

Kukosa mtandao hapa kwetu ni hali ya kawaida ya kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani, na kila ofisi ililalamika. Fundi aliyeko chini ya zege la ghorofa la pili, au kwenye chumba cha pampu nyuma ya jengo, anaishi siku ya namna hiyo kila wiki. Na sababu iliyo ya kawaida kuliko zote haitangazwi kwenye habari: bando limeisha, na ataweka lingine akilipwa. Mtengenezaji anayeuita mtandao “jambo la msingi” anadai fundi alipie data kabla ya kulipwa ujira.

Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kuhifadhi kwenye simu kwanza, kutuma baadaye, kila mara, hata mtandao ukiwa mzuri. Hapa kuna mambo ya kiufundi ambayo wengi huyapuuza. Kila kazi ipewe namba yake ya pekee na simu yenyewe wakati inapoandikwa. Namba ikisubiri itolewe na seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea na kutunza kumbukumbu, mtandao ukikatika katikati ya kutuma, simu itatuma tena na mteja atajikuta ana ankara mbili za kazi moja. Picha ipunguzwe ukubwa kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu picha ya MB 5 ya ukuta haionyeshi nyaya vizuri zaidi ya picha ya KB 300. Na programu isitegemee kwamba itatuma yenyewe ikiwa imefungwa: Chrome kwenye Android ina uwezo huo, Safari na Firefox hazina. Iandike wazi juu ya skrini, “kazi 3 bado hazijatumwa”, na izitume mara fundi anapoifungua akiwa na mtandao.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwenye programu za kivinjari ni kwamba kilichohifadhiwa kwenye kivinjari kinaweza kufutwa bila mwenyewe kujua. Simu ikijaa kupita kiasi, kivinjari kina ruhusa ya kutupa data za tovuti ili kupata nafasi. Safari tangu mwaka 2020 hufuta data za tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za matumizi ya kivinjari, isipokuwa iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo. Na kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi: fundi anaona onyo la nafasi kujaa, anaingia kwenye mipangilio, anakuta Chrome imechukua nafasi kubwa, anabonyeza “futa data”. Miezi ya kazi imekwenda. Mtengenezaji anaweza kukiomba kivinjari kitunze data kwa kudumu, na ni lazima afanye hivyo, lakini ombi hilo haliwezi kuzuia kidole cha mwenye simu. Kwa hiyo kumbukumbu ihesabiwe kuwa salama pale tu nakala yake inapofika kwenye seva, na fundi aambiwe hivyo kwa maneno anayoyaelewa siku ya kwanza.

Sasa niguse jambo ambalo watengenezaji wengi hawalijui kwa sababu hawajawahi kukaa saiti. Makadirio ya fundi yana “cha juu”. Waya wa milimita za mraba 2.5 anaoununua Kariakoo kwa bei fulani, kwa mteja ameuandika kwa bei iliyopanda kidogo. Au duka limemtoa kitu kwa kumleta mteja. Watu wa nje huita wizi. Mimi nadhani ni matokeo ya tabia yetu sisi wateja. Tunakubali bei ya vifaa bila kelele kwa sababu tunaviona kwa macho, halafu tunabishana na fundi kwenye ujira mpaka unashuka chini ya thamani ya siku zake. Fundi amejifunza kuishi kwa kile tusichokiona. Akija mtengenezaji na programu inayovuta bei za maduka na kumwonyesha mteja kila kitu, fundi ataikataa, na ana haki ya kuikataa, kwa sababu imempunguzia kipato bila kumpa kingine badala yake.

Njia ninayoiona ni kuanza na ujira. Programu imsaidie fundi kuonyesha kazi kwa hatua: kuchimba na kufukia mabomba siku nne na saidia fundi mmoja, kuvuta nyaya siku mbili, kufunga swichi na kupima siku moja. Kila hatua na picha yake. Mteja anayeona kazi ilivyofanyika habishani na ujira kwa namna ileile, na fundi anayelipwa ujira wa kueleweka hahitaji kujificha kwenye bei ya waya. Mabadiliko hayo yatachukua muda, na programu haipaswi kuyalazimisha. Ukurasa wa vifaa ubaki mikononi mwa fundi: yeye ndiye anayeandika bei, yeye anaamua mteja aone nini.

Kivinjari pia hakina ruhusa ya kusoma SMS zilizoko kwenye simu. Kwa upande mmoja ni usumbufu: ujumbe wa M-Pesa au Mixx unaoonyesha kwamba advansi imeingia hauwezi kuingia wenyewe kwenye kumbukumbu ya kazi, fundi ataunakili na kuubandika, au mtengenezaji aunganishe mfumo wa malipo kwa njia rasmi kama ule wa Daraja ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017. Kwa upande mwingine ni ulinzi mkubwa. Aplikesheni za mikopo nchini Kenya zilijengwa juu ya kusoma SMS na majina ya simu za watu, na tumeona jinsi shemeji na wachungaji walivyopigiwa simu kudaiwa madeni yasiyo yao, mpaka Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikaanza kutoza faini. Simu ya fundi imebeba namba za mita, picha za ndani ya nyumba za watu, aina ya kufuli la geti. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Programu isiyoweza kuchungulia inaanza ikiwa upande salama wa sheria hizo.

Upande wa kodi niuseme kwa ufupi. Kenya ilileta eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi wa kutoa ankara kwa njia ya kielektroniki, mwaka 2023, na tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi ya mapato. Fundi anayetengeneza friji za mgahawa Nakuru sasa anaulizwa ankara kabla ya kuulizwa bei. Mwenye kumbukumbu za kazi zilizo tayari anaitoa kwa dakika chache. Asiye nazo kazi inaenda kwa mwingine.

Kwa Tanzania naona mlango mwingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mtu aliyeanza akiwa saidia fundi, akajifunza kwa kuangalia na kubeba tindo, anaweza kupimwa na kupewa cheti. Mafundi wengi walioshika kazi za nchi hii wametokea huko. Fikiria mtu huyo akifika kwenye tathmini akiwa na kazi mia mbili zenye tarehe, mahali, picha za kabla na baada. Hakuna aplikesheni ya kutafuta wateja inayoweza kumpa hilo, kwa sababu kwenye aplikesheni zile kumbukumbu ni mali ya kampuni, na kampuni ikifunga inaondoka nazo. Ndiyo maana nasisitiza kitufe cha kutoa nakala: kazi zote ziwe faili moja ambalo fundi anaweza kujitumia mwenyewe, kulichapisha stesheneri, kulihamishia kwenye programu ya mshindani bila kumuomba mtu.

Kama kuna kijana anayesoma hapa ana wiki kadhaa za kutengeneza kitu, ushauri wangu ni aache soko la mafundi wote na achague fundi umeme peke yake, na kwa fundi umeme achague hatua moja, ukuta kabla ya plasta. Skrini iwe na maandishi makubwa ya Kiswahili yanayoonekana juani, vitufe vya kubonyezwa na kidole chenye vumbi la saruji, na sehemu ya kurekodi sauti kwa asiyetaka kuandika. Chumba, ukuta, picha, futi kutoka sakafuni. Kazi ikiisha mwenye nyumba atumiwe linki ya kuta zake, naye akae na nakala. Kijana huyo aipeleke programu yake saiti tatu zisizo na mtandao, aketi pembeni aangalie fundi anakwama wapi. Ikipita hapo aongeze ukurasa wa ujira, na salio na ankara vifuate.